Mita Tano za Mwalimu Kornel

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka mtu wa Tabora. Jina lake Kornel Masolwa. Wenye umri mkubwa mtamkumbuka kama bingwa wa mbio za nusu maili wa mwaka 1961, mwaka tuliopata Uhuru. Sisi wengine tunamkumbuka kama mkufunzi wa michezo wa chuo cha ualimu. Ubingwa ulidumu miaka miwili. Ukufunzi ulidumu miaka ishirini, kuanzia 1963 hadi mwaka jana, 1983. Alifariki wiki mbili zilizopita, nyumbani kwao Igunga, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Niseme mapema nisije nikaonekana naficha. Nilikuwa mwanafunzi wake, tena mbovu. Nikifika mzunguko wa tatu nilikuwa natapika. Yeye alisimama pembeni, akanisubiri nimalize shida yangu, kisha akasema kwa upole, "Bwana, bado mmoja."

Alfajiri alitupeleka kwenye njia ya zamani ya misafara, ile inayotokea upande wa Tura. Babu yake alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo kutoka hapa hadi Bagamoyo, akarudi, akaenda tena. Basi ukilalamika kwamba miguu inauma, Mwalimu Kornel alikuuliza umebeba nini kichwani. 

Mkewe alifariki mapema, na hawakujaliwa mtoto. Aliishi peke yake katika nyumba ya chuo, karibu na uwanja. Na kazi ya chuo, wasikilizaji wapendwa, ni kuaga watu. Kila baada ya miaka miwili malori yalikuja, walimu wapya wakapanda na masanduku yao, wakaenda kufundisha katika vijiji vya ujamaa. Alikuwa amewajua kwa mwendo, kwa pumzi, kwa namna kila mmoja anavyokata kona. Lori likiondoka alibaki na uwanja mtupu. Mpishi wa chuo aliniambia kwamba wakati wa likizo alipika sufuria moja ndogo tu, ya Mwalimu Kornel, na mara nyingine ilirudi nusu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kisa. Uwanja ule aliupima mwenyewe mwaka 1963, kwa yadi. Mzunguko mmoja, yadi mia nne na arobaini. Mizunguko miwili ni nusu maili kamili, mbio zake mwenyewe. Baadaye nchi ikahama kutoka yadi kwenda mita. Mbio za nusu maili zikafutwa, zikaja za mita mia nane. Rekodi yake ikaondolewa kwenye orodha. Hakuna aliyeivunja, mbio zenyewe ndizo zilizoondoka. Mkuu wa chuo alimwambia aupime uwanja upya. Kornel akajibu kwamba tofauti ni hatua mbili tatu, na mguu haujui yadi wala mita. Akaacha mawe ya mzunguko palepale alipoyaweka. Nadhani iliuma. Nadhani aliona kwamba akiyang'oa, hata pale nyumbani kwake atakuwa hajawahi kukimbia.

Mwaka 1971 tulikuwa na msichana mmoja chuoni, Zamda Yahaya. Baba yake, Mzee Yahaya, alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Cheyo, mjini Tabora. Mzee yule hakupenda binti yake akimbie mbele za watu. Kornel alikwenda kwake mara nne, akakaa kwenye benchi la wateja, akaomba. Mara ya nne mzee akakubali kwa sharti moja. "Akimaliza chuo, amemaliza na mbio."

Kwa hiyo Zamda alikuwa na mwaka mmoja tu. Mwaka ule vyuo vya mbali vilituma muda wa wakimbiaji wao kwa barua, na wenye muda mzuri waliitwa Dar es Salaam kwa mchujo wa timu ya taifa. Mita mia nane kwa wanawake, ulitakiwa muda wa dakika mbili na sekunde kumi. Zamda alikimbia mizunguko yake miwili kwa dakika mbili, sekunde kumi na nusu. Nilikuwepo. Kornel aliangalia saa yake ya kupima mbio mara tatu. Barua ikaenda. Jibu likarudi kwamba amekosa kwa nusu sekunde. Lori likaja, Zamda akapelekwa kufundisha Igunga, na mbio zikaishia hapo.

Mwaka uliofuata alifika mkufunzi mpya wa hesabu, akaja na tepu ya mita. Akaupima uwanja kwa kujifurahisha tu. Mizunguko miwili ilikuwa mita mia nane na nne na ushee. Karibu mita tano za ziada. Zamda alikimbia karibu mita tano ambazo hakutakiwa kuzikimbia, na mita tano zilitosha kabisa kula ile nusu sekunde. Msichana alikuwa amefuzu. Mwalimu wake ndiye aliyemkosesha.

Likizo ile Kornel aling'oa mawe yote peke yake, akayapanga upya kwa mita. Wanafunzi waliporudi hakueleza kitu. Halafu akapanda basi kwenda Igunga, na chupa ya asali, amwambie Zamda.

Hakumwambia. Mdogo wake, Bwana Anton Masolwa, ndiye aliyenisimulia. Kornel alimweleza akiwa kitandani, siku chache kabla ya kufa. "Kaka aliniambia, Anton, kila mwaka nilikuwa nakwenda kwa yule binti nimwambie. Ananiamkia, ananipa kiti, ananiletea chai. Naona aibu. Nakunywa chai, narudi." Mara tisa, wasikilizaji wapendwa. Kuanzia 1972 hadi 1980, kila likizo, basi la Nzega, kisha la Igunga, na chupa ya asali. Mara tisa alirudi na neno lake.

Watu hawakukosa la kusema. Mgane anamfuata mke wa mtu kila mwaka, anatafuta nini? Mwaka 1980 mume wa Zamda, Bwana Nassibu, alimsindikiza hadi kituoni, akamwambia kwa adabu, "Mwalimu, mimi sina neno nawe. Ila majirani wana maneno." Kornel akaomba radhi. Hakwenda tena. Alipostaafu kwa maradhi alirudi Igunga, akaishi maili mbili tu kutoka kwa Zamda, na hakupita hata barabara ile.

Nilimfuata Mwalimu Zamda shuleni kwake wiki iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa kumpa habari nzito. Akaniangalia, akasema, "Nilijua."

Alijua tangu 1972. Alikuwa anafundisha darasa la tano kugeuza yadi kuwa mita, akajitungia hesabu ubaoni: yadi mia nane na themanini ni mita ngapi? "Nilipopata jibu niliwaambia watoto watoke nje wakacheze. Nikakaa. Nilikasirika, sitakudanganya. Nilikasirika miezi mingi. Kisha nikamwona anashuka kwenye basi na asali yake, nikajua amekuja kusema. Nikamsubiri. Kila mwaka nilimsubiri."

Nikamuuliza kwa nini hakuanza yeye kumwambia. Akanijibu, "Yule ni mzee wangu. Alikwenda kwa baba mara nne kwa ajili yangu. Nitamwambiaje mtu kama huyo kwamba amekosea? Niliona namheshimu. Kumbe nilikuwa namwacha peke yake." Akafuta chaki mikononi. "Yalikuwa maneno mawili tu. Mwalimu, najua."

Mwalimu Kornel Masolwa alifundisha walimu wapatao elfu moja. Ni wachache tuliofika kumzika. Zamda alikuwepo, na Bwana Nassibu alikuwepo, na ndiye aliyeshika jembe muda mrefu kuliko wote.

Bwana Anton na ukoo wote wa Masolwa, poleni sana. Pole kwako, Mwalimu Zamda, ingawa uliniambia hustahili. Poleni nyote mliopita katika mikono yake, mlio shuleni huko vijijini, ambao labda habari hii inawafikia leo kwa mara ya kwanza.

Kwa kawaida kipindi hiki hufungwa kwa dakika moja ya kimya kumkumbuka marehemu. Leo nimekataa. Walikaa kimya miaka kumi na miwili, wote wawili, kwa heshima. Inatosha. Dakika hii nawapa ninyi, wasikilizaji wapendwa. Mgeukie huyo uliyenaye hapo karibu na redio, umwambie lile neno ulilomwekea.