Watoto wa Wangila Kwenye Fensi ya Parmuat

Sogeeni, wajukuu. Soipan, vuta kigoda chako, na huyo anayetafuna muwa ateme kwanza nisikie sauti yangu mwenyewe. Tulieni. Haya yalitokea hapa hapa Kitengela, wakati kipindupindu kilipofunga shule na watu wakaacha kupeana mikono. Kando ya kibanda cha kahawa cha Nanjala kulikuwa na benchi, na benchi lilikuwa na wenyewe: Bedan fundi viatu, aliyeitwa Gundi kwa sababu akikaa haondoki, na Obonyo, aliyeitwa Hansard, kama kile kitabu cha kumbukumbu za bunge, kwa kuwa hasahau neno la mtu. Katikati yao alikaa Wangila, karani wa stoo ya simiti. Wivu ulikuwa umemkaa kooni kama mfupa.

Mkewe, Caren, alikuwa nesi. Wiki ya tatu sasa alikuwa kwenye mahema ya wagonjwa kule Mashuuru, haruhusiwi kuja nyumbani. Wangila akaona atawalinda watoto wao, Yvonne na Allan, kwa kuzima habari. Redio akaifungia kabatini, na ugonjwa ukawa hautajwi mezani. Watoto wakatii, wakanyamaza kabisa. Lakini kila saa kumi jioni walikimbilia fensi ya jirani, mzee Parmuat, mfugaji. Kwa Wamaasai mtoto humsalimu mzee kwa kuinamisha kichwa, mzee akamwekea kiganja. Kwa kuwa kugusana kulikatazwa, Parmuat alinyoosha fimbo yake ya kuchungia juu ya nywele zao bila kuzigusa, kisha wakaongea mpaka mbuzi wafungiwe.

— Kwangu ni ndiyo baba, hapana baba, Wangila alisema. Kwake wanacheka. Leo nimemsikia Allan akicheka.

Gundi akasema ni maziwa tu, mtoto hufuata maziwa. Hansard akakataa. Yeye alikuwa anajua mtu wa Bisil ambaye wanawe walianza hivyo hivyo kwa kuinamisha kichwa, wakapewa ndama kila mmoja, na kufika mwezi wa pili hawataki ugali wa baba yao. Gundi naye hakukubali kuachwa nyuma. Akasema shida iko kwa fimbo: kichwa kikishazoea fimbo ya mtu, hakigeuki tena.

— Na wewe ujiulize, ndugu yangu, Hansard alimwambia polepole. Siku ya kumwoza Yvonne, ng'ombe watapelekwa boma la nani?

Wangila akaweka kikombe chini. Aliapa kesho atapandisha mabati pale kwenye fensi, marefu, mzee asionekane hata kofia.

Naserian, mama wa maziwa aliyehamia mtaa huo juzi tu, alikuwa anamjazia Nanjala sufuria. Akafunika mtungi wake.

— Baba Yvonne, kwani wanamwambia nini huyo mzee?

Gundi akaangalia soli za watu. Hansard, mwenye maneno ya kila mtu, akamgeukia Wangila.

— Sijawahi kuwauliza, Wangila alisema.

Akaondoka. Alipokaribia fensi akasikia Allan akiuliza kama manesi pia hufa. Parmuat akamjibu kwamba hajui, halafu akamwomba amwonyeshe tena vile mama huondoka asubuhi. Allan akaanza kuruka kwa mguu mmoja, akiimba wimbo wa kanisani na kutafuta kiatu chini ya kila kitu. Yvonne akacheka mpaka akalia.

Wangila alisimama nyuma yao.

— Hicho kiatu huwa nakificha mimi, alisema. Ndio achelewe kidogo.

Yvonne akageuka.

— Baba, kumbe hata wewe unaogopa?

— Naogopa sana. Kila siku.

Allan akamshika suruali. Parmuat akaondoa fimbo yake, akaenda kuwaangalia mbuzi.

Caren alirudi wiki ya tano, amekonda lakini mzima. Mabati yale hayakununuliwa. Nafasi ya Wangila kwenye benchi aliirithi Naserian, na ndiye anayeuliza maswali mpaka leo. Saa kumi ya fensi waliirithi watatu badala ya wawili, baba akiwemo. Wivu wenyewe ulimwangukia Hansard: alikuwa na watoto wanne, na jioni ile ile ya swali la Naserian aliondoka mbio kwenda kujua watoto wake huwa wanaongea na nani.