Chai ya Mkurugenzi

Ndani ya basi la kwenda Richmond, Suyin, fundi cherehani aliyechoka, alijifanya amesinzia ili asikie vizuri.

"Siku yako ya kwanza ya ukurugenzi, ukawamiminia chai wanaume wote wa bodi?" Bikizee wa kiti cha mbele alikuwa akimfokea binti waliyekutana naye kituoni tu.

"Shangazi, mimi ndiye mdogo pale, na kwetu mdogo ndiye humimina. Mkono ulitangulia akili."

"Wakakudhania mhudumu!"

"Mmoja aliniagiza sukari. Nikampa. Kisha nikakalia kiti cha mkurugenzi, birika bado nimelishika, nikawaambia: kiwanda hiki cha nguo cha kina mama zetu hakifungwi."

Suyin alifumbua macho. Usingizi wake wa uongo ukaishia hapo.

"Hata hivyo, usimimine tena!"

"Nitamimina, shangazi, na nitaongoza."

"Mbishi wewe!"

Basi likasimama kituo cha mwisho. Badala ya kushuka, bikizee alifungua chupa yake ya chai, akajaza kifuniko, akamkabidhi binti kwa mikono miwili, kichwa kikiwa kimeinama. Suyin hakuwahi kuona mvi zikimmiminia kijana.

Binti alipokea kwa mikono miwili, naye akainamisha kichwa chini kuliko cha bikizee.