Funguo ya Papa Anastase

Benchi letu la mutaa wa Birere ni ubao juu ya mawe mawili ya volkano. Tangu ule moto wa volkano ushuke mjini mwezi wa kwanza, na waasi bado wanatawala, kazi imekuwa hadithi. Basi kila asubuhi tunazunguka termosi ya kahawa ya mama Kahindo na kupanga maisha ya wengine. Asubuhi ile tulikuwa na papa Anastase mkononi. Miaka kumi na tisa alitunza bibliotheki ya parokia, nyumba ya vitabu. Siku ya moto alifunga mulango vizuri, mara mbili, akakimbilia Gisenyi, ngambo ya mupaka, na funguo shingoni. Daftari ya wasomaji waliokopa vitabu aliiacha ndani! Sasa bibliotheki mpya inafunguliwa Himbi, nafasi ya kazi ni moja, jaribio ni kesho.

— Diplome kila mutu iko nayo, papa akasema. Wanauliza: zaidi ya ile, unajua nini?

— Informatique, mambo ya kompyuta! Constant akasema, yule tunamwita Brevet. Iko na brevet saba, vyeti vya kozi, lakini kazi hata moja hana.

— Kwa siku moja? papa akauliza. Na courant ya kuwasha kompyuta itatoka wapi?

— Basi Kiingereza, Kahindo akasema. Wazungu wa misaada wanapenda.

Janvier, musukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, akacheka.

— Acheni uongo. Ajue kusukuma chukudu! Volkano ikirudi, nani ataokoa vitabu? Brevet?

— Afazali ajifunze kusoma moshi ya mulima, Constant akajibu. Bibliothécaire, mutunza vitabu, mwenye kujua volkano, nani atamushinda?

Tulicheka sana. Papa hakucheka.

— Bandugu, ninaogopa. Niko na miaka makumi tano na mbili. Vijana wa kompyuta watanipita tu.

Mimi nilisikia haya, maana nilikuwa nimecheka kuliko wote.

Hapo njo akafika mama mumoja na kitunga kichwani. Akatoa kitabu ndani ya sashe ya plastiki.

— Hodi wababa, hodi mama. Naitwa Mukakalisa, natoka Munigi. Bibliotheki ya parokia iko wapi? Nimezunguka, naona mawe tu. Nilikopa hiki mbele ya Noeli. Nimechelewa, munisamehe.

— Mama, iliungua, Kahindo akamwambia. Vitabu vyote.

— Vyote? Na hiki je?

Mukakalisa akatuonyesha kile kitabu, mumoja mumoja.

— Na wale wengine waliokopa, vyao viko kwa nani?

Papa Anastase alipokea kitabu, akakipangusa na mukono ya shati, polepole, akakifungua ukurasa wa kwanza. Kisha akaanza kukumbuka waliokopa.

— Mwalimu Théoneste wa Mugunga, akasema. Viwili. Valérie, mushonaji wa Kibati, kimoja, alisema mutoto anakipenda. Kahindo, nipe karatasi... Wote siwakumbuki. Wengine walihama.

Akaandika mupaka kahawa ikaisha. Kisha akasimama.

— Janvier, chukudu yako iko huru?

— Papa, na jaribio ya kesho? Janvier akauliza.

— Njo maana tunaenda leo kutafuta vile vitabu.