Aliyezima Tanuri kwa Neno la Shemeji

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Chokaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne wa mchoma chokaa na mshona magunia. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba alilia kutwa nzima, akanyamaza aliposogezwa karibu na ukuta wa tanuri wenye joto.

Alisoma mpaka darasa la saba. Hesabu hazikumpenda, ila mwalimu alimpenda, maana kila muhula alipaka madarasa chokaa bila kuombwa. Mwaka 1975 aliingia kazini kwa baba yake, na baba alipochoka akaachiwa tanuri. Tanuri lile halizimwi: mawe na makaa huingia juu, chokaa hutoka chini, usiku na mchana. Likipoa, kuta hupasuka. Familia saba zilikula kwa moto huo.

Alioa tarehe 6 Septemba 1986. Asubuhi hiyo alipita kazini kuchungulia tu, akafika harusini na mikono myeupe, akaacha alama za vidole vyake begani mwa gauni la bibi harusi. Bibi harusi akacheka: “Haya, nimeshapigwa muhuri, sirudishwi.”

Mdogo wake bibi harusi alihamia kwao akiwa bado mtoto. Marehemu alimlea, akamsomesha mpaka akawa wakala wa bima, kisha akamkabidhi bima ya tanuri. Masharti hakuyasoma. Alisema hawezi kumkagua mtu ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kufunga kamba za viatu.

Ndipo ikaja kodi ya kaboni, inayotozwa kwa moshi wa makaa. Kampuni za bima zikaanza kuwakimbia wenye tanuri za makaa, zikihofia kodi hiyo itawaangusha. Benki nayo ilikuwa na mkopo wa kijani, wa kujengea tanuri jipya linalowashwa kwa pumba badala ya makaa, lakini haikumpa asiye na bima. Kila kitu kikaning'inia kwenye bima. Shemeji alikuja jioni, akala, akamwambia kampuni inataka kulikagua tanuri likiwa baridi.

“Zima tu, shemeji. Likipasuka ni juu ya bima, na benki itakupa jipya. Mimi nipo.”

Alizima tarehe 3 Februari mwaka jana. Wafanyakazi walisimama kando kama watu walio msibani. Kuta zikapasuka kutoka juu mpaka chini, na mkaguzi hakuja. Marehemu alipokwenda mwenyewe ofisini, karani wa mapokezi alimweleza kwa upole kwamba bima ilishakatwa tangu Januari, na mawakala wote waliambiwa. Mawakala waliofanya tanuri za makaa zifungwe kimyakimya walipandishwa cheo. Shemeji sasa ndiye mkuu wa bima za kijani.

Benki ikamgeuzia mgongo. Zile familia saba zikatawanyika. Mwezi Mei mwaka huu marehemu alipata kiharusi, upande wa kulia ukafa. Shemeji alikuja kumwona na matunda. Marehemu akamuuliza, kwa ulimi mzito:

“Ulijua?”

Shemeji akaanza kumenya chungwa. Marehemu akageukia ukutani, na hakula chungwa lile. Alifariki tarehe 9 Juni, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu watano. Shemeji yake ameomba atajwe miongoni mwa waliobaki. Mjane amesema atajwe, ila jeneza asilishike. Basi ametajwa.

Mungu ampe amani ambayo nyumbani kwake alinyang'anywa.