Batu ba Budongo ba Djo

Mweye bote muliofika, ba Pweto na ba hapa Nchelenge, mukae muzuri, miye Emilienne, nkambo yake, ile bibi yake, ndiye nitasoma maisha ya Djo, juu baba yake hawezi kusoma bila kulia, na miye nilisha kulia.

Djo alizaliwa Pweto, kule Kongo, tarehe 14 mwezi wa tatu 1998, mutoto wa pili wa André na Rosalie, na tangu bumutoto damu yake ilikuwa mubaya, mifupa inamuuma mpaka anauma blanketi. Alisoma primere kulekule, sekondere akaikatiza mwaka wa inne, juu vita ilitufukuza, tukavuka ziwa mpaka Zambia, tukafika kambi ya bakimbizi ya Kenani mwezi wa kumi 2017, kisha Mantapala.

Kazi yake munaijua, hata bale banaojifanya hawaijui. Miye nafinyanga vyungu, yeye akaiba budongo yangu, akafanya tubatu, batu badogo, anabasogeza kidogo, anapiga picha na telefone, anabasogeza tena, mpaka mu filimu banatembea. Ya kwanza ni ya mwanaume anayetosha mifupa yake mu mwili, anaianika pembeni ya samaki ipumzike, yeye anaenda kucheza bila mifupa. Ingine ni ya mwanamuke mbele ya meza ya biro ya kuandikisha bakimbizi, kila wakati banamuuliza yeye ni wa wapi, sura yake inaanguka, anaokota ingine, anabandika. Batu ba kisiwa ya Chisenga balipoiona bakacheka mpaka bakakaa chini. Miye sikucheka, ile meza naijua.

Hakuoa. Aliogopa kuzaa mutoto mwenye damu kama yake, na Luse, aliyemungojea, iko hapa, mumuheshimu. Watoto hakuacha.

Bugonjwa ilirudi mwezi wa tano, tukamufikisha lupitalo kwa madokta, akafariki tarehe 9 mwezi wa sita 2025.

Sasa mujomba wake Carlos, shemasi, anasema bale batu ba budongo ndio balikula damu yake, na asubui hii akabatia bote ndani ya sanduku ya Djo, bazikwe naye. Carlos, damu ile Djo alizaliwa nayo, budongo aliigusa akiwa na ndevu, hesabu weye mwenyewe. Nimebatosha mu sanduku, bote. Mbele ya kufa aliniambia, "Nkambo, ile filimu ya mwisho haiyaisha, usiache bakauke." Ni ya mwanamuke muzee, pua kubwa sana, anabeba mwanaume muzima mu mugongo. Nilimwambia sina pua ya vile. Joëlle, dada yake, ndiye ataimaliza, na nimesha kubafunika na kitambaa ya maji.

Tunashukuru madokta na bauguzi, majirani baliochimba kaburi, na vijana ba kibanda ya video baliomuchajia telefone bure.

Djo, lala sasa. Mu hiyo sanduku uko peke yako.