Shukrani kwa Mifereji Isiyoona Miguu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bi Fiona, uliyetoka kampuni ya maji kuja kutufungulia mahali petu papya pa kutilia udhu. Ndugu Mwenyekiti wetu, Abdulnasir. Masheikh, akina mama, majirani wa hapa Lozells nanyi mliopanda basi kutoka Bordesley Green: assalaam alaykum, na msiokuwa Waislamu, habari za mchana.

Nimepewa neno la shukrani. Mwenyekiti kaninong'oneza, "Maisara, liwe fupi na tamu." Fupi nitajitahidi.

Kwanza naushukuru mpango wenyewe. Kampuni imesema: ng'oeni mifereji yenu ya zamani, fungeni ya kubana maji, nasi tutawarudishia sehemu ya gharama. Nani atapinga? Sisi tumefundishwa tusifuje maji hata tukiwa ukingoni mwa mto. Lakini Mwenyekiti wetu aliposikia "kurudishiwa", hakusikia tena neno jingine. Akina mama tulimwambia, "Baba, jaribu mmoja kwanza." Akatujibu, "Nyie wanawake mnaogopa maendeleo." Haya, maendeleo yamefika, karibuni muyaone.

Mifereji hii ina jicho. Ukiweka mkono, inakuona, inakupa maji. Na mguu je? Loo! Mguu haiujui. Imetengenezwa kwa watu wa ofisini wanaonawa mikono wakaenda zao kula. Mmeshamwona mzee wa heshima, kanzu kaikusanya kwapani, kasimama kwa mguu mmoja, na wa pili anaupunga hewani kama anayesimamisha basi la Aston? Mimi nimemwona. Na Mwenyekiti kamwona, akageuza uso.

Basi kamati ikakaa, ikafikiri, maana kamati yetu ina wasomi. Ikanunua pipa na kata ya kuchotea. Pipa linajazwa kwa mpira kutoka jikoni, anayejaza anapigiwa simu, pipa linafurika, maji yanatambaa mpaka ukumbini. Hongereni sana! Tunabana maji kwa jicho, tunayamwaga kwa pipa, kisha tunaomba kurudishiwa gharama za kubana.

Katika maji hayo ndipo alipoteleza mama yangu, Bi Mwanamize. Mnamjua. Nusu ya vijana waliokaa hapa aliwasomesha Kurani yeye, katika chumba hiki hiki, kabla hakijatandikwa zulia. Hakuvunjika, alhamdulillahi, ila ameingiwa na woga. Sasa anasali nyumbani peke yake, na kila Ijumaa anakaa dirishani kuwatazama wenziwe wakipita. Naona uchungu, jamani. Kamati ilimpelekea sahani ya halua. Ahsanteni kwa halua.

Bi Fiona, dada yangu, wewe ni Mkenya, Kiswahili unakisikia, kwa hiyo leo hakuna mkalimani wa kunichuja. Hiyo meza uliyotengewa chai, iliyovishwa kanga mpya kwa heshima yako, hebu ifunue. Usiogope, haing'ati. Ndilo pipa.

Mwenyekiti, usinikonyeze. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mlidhani mgeni atakunywa chai juu ya pipa, akate utepe, aende zake akatusifu kwa wakubwa wake? Mnamdharau mgeni, na sisi wenyeji mmetudharau zamani.

Mimi sitaki ugomvi, nataka mama yangu arudi katika safu yake. Adhuhuri inakaribia. Basi Mwenyekiti, vua soksi. Tia udhu hapo nyuma ya utepe, mbele ya mgeni, kwa mifereji yako, pipa usiliguse. Ukimaliza miguu yote miwili, nitamwambia mama kuwa mkosa ni yeye, na utepe huu nitaupigia vigelegele mpaka sauti inikauke. Ukishindwa, mfereji wa zamani, ule wa kufungua kwa mkono, urudi pale chini penye miguu kabla ya Ijumaa, upande wa wanaume na wa wanawake, na hayo marejesho kampuni ibaki nayo.

Mama yuko hapo nje, ndani ya gari, kavaa buibui lake la Ijumaa, kioo kakishusha. Anangoja jibu.

Ahsanteni kwa masikio yenu. Sasa nyamazeni kidogo, tuusikilize mfereji.