Mkebe wa Tano

Nyuma ya maduka ya vitenge pale Mwanjelwa kuna benchi refu la mbao ya mlingoti ambalo halina mwenyewe, lakini lina wenyewe. Wenyewe ni Ambokile fundi redio, anayeitwa Injinia. Kalinga wa Kilolo, muuza viazi, anayeitwa Waziri kwa kuwa kila jambo analitolea tamko. Na Habibu wa duka la vitenge, ambaye hakupewa jina la utani kwa sababu huwa hasemi sana. Kahawa ni ya Alawi. Siku hiyo Alawi alikuwa amefunga Arafa, akiwamiminia wenzake kahawa kwa uso wa mtu aliye katika ibada ngumu. Habibu hakufunga, daktari alishamkataza kwa ajili ya sukari. Kesho yake ilikuwa Idd kubwa, baridi ya Mbeya ilikuwa inauma masikio, na ubavuni mwa jiko la Alawi ilikaa ndoo ya plastiki iliyovikwa sweta la kike.

Ndani ya ndoo kulikuwa na rojo la mkate wa kumimina: mchele, nazi, iliki, sukari na hamira. Sweta lilikuwa la Rukia, mke wa Habibu, na mkate huo alikuwa akiupika yeye kila mkesha wa Idd, uliwe asubuhi na chai baada ya swala. Rukia hakupenda mkate mkubwa wa kukata. Kila mtu wa nyumbani alikuwa na mkebe wake, na kila mkebe ulibandikwa karatasi yenye jina. Mwaka huu Rukia hayupo tena duniani, na Habibu kasaga mchele mwenyewe, maana binti yake Mwanaidi anakuja na mumewe, mtu ambaye Habibu alimkataa na ambaye, tangu ndoa yao miaka mitatu iliyopita, hajawahi kukanyaga kwake. Mkate usipokuwepo asubuhi, Habibu hakujua atampokea mkwe huyo kwa kitu gani. Maneno hakuwa nayo.

Alifunua ndoo. Rojo lilikuwa limelala palepale.

— Haujaumuka? Injinia aliuliza.

— Bado.

— Hewa hiyo. Hamira imetoka Dar, imezoea hewa nzito. Ikipanda huku juu inafika imechoka. Hata redio za Dar mimi huku nazifungua upya zote.

— Acha kuisingizia hamira, Waziri alisema. Kosa liko kwenye mchele. Habibu, mchele umetoka wapi?

— Ubaruku. Kautuma Mwanaidi.

— Yaani umetoka shambani kwa yule mkweo wa ng'ombe?

— Ndiyo.

— Si ndiyo hapo. Mchele umelimwa na mtu uliyemkataa. Ungekuwa wewe ungeumuka?

Habibu alinyanyuka, akaenda mpaka mlangoni mwa duka lake, akarudi bila kuingia. Akafunua tena.

— Kumi na moja, alisema Alawi.

— Kumi na moja nini?

— Mara ulizofunua. Hata mtoto, ukimfunua shuka mara kumi na moja, halali.

— Mnanisikiliza? Injinia alisema. Tatizo ni kwato. Wale wafugaji wa huko Ubaruku na Usangu nzima wakishavuna wanaingiza ng'ombe shambani. Ng'ombe anakanyaga, ardhi inashindiliwa. Mpunga unaota ukiwa umekandamizwa. Sasa ukifika kwenye ndoo, umeshazoea kukaa chini.

— Na ng'ombe wenyewe walitoka Shinyanga kwa miguu, Waziri aliongeza. Mwendo wote ule bwana. Uchovu unashuka kwenye kwato, unaingia ardhini, unapanda kwenye mpunga.

— Unaishia kwa Habibu, Alawi akamalizia. Ila kwake umeingia kinyume, hakai.

Habibu alianza kucheka, akaacha. Miaka mitatu nyuma maneno ya ng'ombe aliyasema yeye, na hakuwa anatania. Aliyasema sebuleni kwake, Mwanaidi akiwa amesimama na mkoba begani. Aliona aibu, na aibu hiyo ikamnyanyua tena kwenye benchi.

— Huyo mkweo ni mrefu? Injinia aliuliza.

— Sijui.

— Hujawahi kumwona?

— Nimeona picha. Amekaa.

— Ukiona mtu kapigwa picha amekaa, alisema Waziri, ujue akisimama kichwa hakiingii. Mkebe mmoja hautamtosha. Mpe ndoo yote.

— Ndoo yenyewe imelala.

— Jamani, Alawi alisema taratibu. Angalieni sweta.

Sweta la Rukia lilikuwa limevimba juu, kifuniko kimesukumwa pembeni. Katika ubishi wao Habibu alisahau kufunua, na mkate nao ukapata nafasi. Alipiga magoti akaanza kumimina katika mikebe mitano iliyopangwa kwenye sinia.

Alikuwa anafuta tone la mwisho Violet alipofika. Violet ana tanuri la skonzi mtaa wa pili, na mikate ya Idd ya mtaa mzima huiva kwake. Kwenye benchi hakuwahi kukaa.

— Shikamoo baba Farhan. Nimeona kimya, nikaja mwenyewe. Moto wangu unapoa.

— Marahaba mwanangu. Tayari.

Violet alichuchumaa, akasoma karatasi moja moja.

— Habibu. Farhan, kijana wako. Mwanaidi. Yasmini, huyu mjukuu. Mkebe huu hauna karatasi. Mama Farhan hakuwahi kuniletea mkebe usio na jina. Wa nani?

— Wa mume wa Mwanaidi.

— Haya. Anaitwa nani?

Injinia alitazama ndani ya kikombe chake. Waziri wa matamko akainama kufunga kamba za viatu. Jina hilo Habibu hakulijua. Siku ya ndoa alimtuma mdogo wake wa Iringa akaozeshe, na mdogo huyo aliporudi, Habibu hakumuuliza kitu. Tangu hapo alikuwa akisema yule, yule wa Ubaruku, yule wa ng'ombe. Jina alikuwa nalo Rukia, aliyezoea kuzungumza na kijana huyo kwa simu jikoni, mlango ukiwa umefungwa.

— Andika Mkwe, Injinia alinong'ona.

— Mama Farhan angeandika Mkwe? Violet aliuliza.

Habibu alitoa simu, akampigia Mwanaidi. Ikapokewa na sauti ya kiume.

— Shikamoo baba. Mwanaidi kasinzia, mtoto kamlalia. Tumeshapita Igurusi.

— Marahaba. Samahani, mwanangu. Wewe unaitwa nani?

Ngurumo ya basi ilizidi, Habibu akaibana simu sikioni.

— Msikitini walinipa Idrisa, baba. Nyumbani ni Shija.

— Na marehemu mama yenu? Alikuwa anakuitaje?

— Mama alikuwa ananiita Shija.

Habibu aliomba kalamu ya Violet. Aliandika Shija polepole, akabandika karatasi kwenye mkebe wa tano, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka ikashika. Violet akainua sinia, akaenda zake.

— Sasa kaa, Alawi alimwambia.

Habibu akakaa.